Samli Ndani ya Mchicha

Maji ya bafuni yalipoanza kumwagika, Ziada alipanda juu ya kigoda, akatoa kopo la samli lililofichwa nyuma ya pakiti za unga. Alikuwa na muda wa mwanawe kuoga tu. Akachota, akayeyusha kwenye sufuria ya mchicha, akatia na karanga zilizosagwa laini, akakoroga mpaka kila kitu kikawa kijani. Kisha akarudisha kopo na kunawa mikono haraka haraka, maana samli kwa harufu haina siri.

Nje bado kulikuwa na giza, na theluji ya Hallunda, pembezoni mwa Stockholm, ilikuwa imefunika baiskeli zote. Maya, binti yake wa miaka kumi na minne, alikuwa na mazoezi ya kuteleza kwenye barafu kabla ya shule, na mengine baada ya shule. Alikuwa miongoni mwa mabinti wachache wa Stockholm waliokuwa wakiandaliwa kwa timu ya taifa ya vijana. Kocha wake, Gunilla, mama wa Kiswidi asiyecheka na mtu, alikuwa ameagiza mboga za kuchemsha, bila hata tone la mafuta. Mwili mzito hauruki, alisema.

Haya, kamwambie hayo mama wa Kitanga! Kwenye harusi moja kule Skärholmen, Médiatrice, jirani yao Mrundi, alimshika Maya mkono, akamuuliza Ziada mbele za watu kama mtoto anaumwa. Aliuliza kwa wema tu, lakini Ziada alitamani ardhi ipasuke immeze. Kwao mtoto hukondeshwa na mambo mawili, maradhi au mama asiyejali, na Maya hakuwa na maradhi. Kesho yake Ziada akanunua samli.

Hakutaka kumharibia. Nani angetaka? Kwa ajili ya barafu ile aliacha masomo ya uuguzi katikati, akabaki kuogesha wazee ili zamu zake zipishane na mazoezi. Mama yake mzazi alipofariki Muheza, hakwenda kuzika, kwa sababu wiki ile Maya alikuwa na mashindano. Alilia kwenye simu, akafuta uso, akaenda kukaa jukwaani na blanketi lake, akapiga makofi. Maya naye kucha za miguu zilikuwa zimekufa, sikukuu za Idi zilimkuta barafuni, na shuleni hakuwa na rafiki hata mmoja. Hakuna aliyewahi kumlalamikia mwenzake. Ilikuwa nyumba ya watu waliojikaza.

Na mtoto alikula, jamani. Alimaliza mchicha wote, akapangusa sahani kwa kidole, akaomba mwingine wa kubeba. Asubuhi moja alichungulia jikoni kopo likiwa wazi mezani. Lakini Maya aliuliza tu soksi zake ziko wapi, kwa Kiswidi, lugha aliyozoea kumjibia mama yake, akaenda zake. Ziada akamshukuru Mungu kwa kumsitiri.

Mashavu yakajaa. Médiatrice akasifia. Kisha miruko ikaanza kushuka. Maya akawa anaruka na kutua kabla hajamaliza kuzunguka, anaanguka, anainuka, anaanguka tena. Mwezi wa pili Gunilla akawaita wote wawili, akasema kwa upole, na huo upole ndio uliouma, kwamba mwili wa Maya umebadilika na nafasi yake atapewa msichana mwingine.

Maya hakulia. Alirudi nyumbani akalala mpaka mchana wa siku ya pili, kama mtu aliyetoka homa. Ziada alikuwa akisukuma mlango wa chumba taratibu na kumtazama. Ndoto ya mwanangu nimeiua mimi, alijiambia, nimeiua kwa mkono wangu mwenyewe. Chakula kilimshinda. Kazini alimvalisha mzee mmoja shati nje ndani.

Mwishowe akapiga moyo konde. Akaenda uwanjani, akamngoja Gunilla mlangoni, akamweleza yote kwa Kiswidi chake cha kuungaunga: harusi, kopo, samli, karanga. Akasema mtoto hana kosa, mtoto aliamini anakula mboga tupu. Akaomba lawama zote ziwe zake. Gunilla akasema kwamba sasa anaelewa, na kama ni chakula tu basi kinarekebishika. Maya arudi Jumatatu, nafasi yake bado ipo. Ziada akamshika mikono yote miwili akaibusu, na yule mama wa watu akabaki ameduwaa.

Treni ya kurudi Hallunda aliiona inatambaa. Alimkuta Maya jikoni akicheka na simu, akipanga na msichana wa darasani kwao kwenda sinema. Ziada hakungoja amalize. Alipiga magoti mbele ya mwanawe, jambo ambalo mama hamfanyii mtoto, akakiri yote huku machozi yakimtiririka, akaomba msamaha. Akamwambia asihuzunike tena, kopo ameshalitupa, Gunilla amekubali, Jumatatu anarudi barafuni.

Maya aliweka simu mezani. Alipojibu, alijibu kwa Kiswahili.

"Nilijua, Mama," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa namaliza sahani."