Kuku Wasioshikika

Mama Tulasa alivua shali yake, akaipunga juu ya tenga kama mbawa, kisha akainama haraka kuona ni kuku gani waliojilaza chini na ni gani waliosimama kushangaa.

"Huyu mweupe hapana," alisema. "Anashangaa."

Khemraj, muuza kuku, alimtoa mweupe bila kinyongo. Katika soko lote la Ijumaa pale kilimani hapakuwa na mtu aliyemzidi kwa kujua kuku, na mwezi huu biashara yake ilikuwa ya ajabu. Kila mama aliyekuja alitaka kuku wasioshikika. Hata mama mkwe wake mwenyewe alikuwa amechukua sita wiki iliyopita, akisema huko bondeni kwao mwewe wamezidi.

"Kwako wamebaki wangapi, mama?"

"Mmoja. Kanchi wangu." Machozi yalimlengalenga. "Sikukuu ya Dashain ilipokwisha walikuwa kumi na wawili. Kanchi nimemlea jikoni, mwanangu, tangu akiwa kifaranga. Nikikohoa usiku, anaamka kunitazama. Huyo akimla na yeye, sijui mimi nitakaa na nani."

"Hatamla. Niambie tu adui ni nani. Nguchiro? Bweha?"

Mama Tulasa alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Huja mchana kweupe. Kila siku ya soko. Akishiba, hatumwoni tena mpaka siku saba."

"Mwewe huyo! Wajanja hao. Wanajua Ijumaa watu wote tuko huku."

"Anapenda paja," alisema Mama Tulasa kwa uchungu.

"Nani asiyependa?" Khemraj alikunja mikono ya shati. "Sikiliza, mama. Chukua wa rangi ya majani makavu. Akijilaza chini, hata wewe utamkanyaga. Tazama miguu mirefu. Tazama uzito, awe mwepesi wa kurukia mtini. Huyu mwenye manyoya yaliyopinduka ni mrembo, lakini kizingiti tu kinamshinda."

"Na yule mnene kule nyuma?"

"Yule ni wa wenye wakwe. Mkwe akija ukamwekea wali na dengu tupu wakati kuku wamejaa uani, kilima kizima kitakucheka. Yule hakimbii. Unamwokota tu kama kiazi."

"Mwondoe machoni pangu," alisema Mama Tulasa.

Alichagua taratibu mpaka jua likapanda. Kila kuku alimrushia punje za mahindi. Aliyezikimbilia alirudishwa tengani.

Khemraj alicheka. "Mama, mwewe harushi mahindi!"

"Wa kwetu ana mbinu."

"Basi nakuhakikishia. Akishikwa hata mmoja, nakuletea kumi bure."

"Apa."

"Naapa kwa shingo ya huyu kishingo."

Mama Tulasa aliitazama ile shingo isiyo na unyoya hata mmoja, akaona kiapo chenyewe ni chembamba, lakini akakipokea.

Kwa kuwa goti lake lilikuwa bovu, Khemraj alimbebea tenga mgongoni, wakapanda ngazi za mawe kati ya mashamba ya mtama hadi nyumbani kwake. Uani alifungua kifuniko. Kuku sita walitawanyika kama cheche: wawili juu ya paa, watatu mtini, na wa sita hakuna aliyejua alikokwenda. Kanchi, aliyekuwa akijiotea jua mlangoni, aliwatazama kwa muda. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akapigapiga mbawa akapanda paani kando yao.

Mama Tulasa aliziba mdomo kwa viganja. "Umemwona? Umemwona Kanchi?"

Chini njiani mbwa wa jirani akabweka.

"Anakuja," alinong'ona.

Khemraj aliokota jiwe, akainua uso angani. Anga lilikuwa tupu.

Kwenye ngazi alitokea mwanamume mwenye tumbo la kutosha na kofia safi, akijifuta jasho, akitabasamu. Mama Tulasa alijifunika kichwa kwa shali, akakutanisha viganja, akainama mpaka paji la uso likakaribia viatu vya mgeni.

"Karibu, mkwe wetu."

"Nilikuwa sokoni tu, mama, nikasema nipite niwasalimu." Mkono wake mmoja ulikuwa tayari mfukoni. Ulitoka na mahindi. "Ti-ti-ti! Ti-ti-ti!"

Hakuna aliyeshuka. Alirusha mengine, akaita kwa sauti tamu zaidi. Juu ya paa, Kanchi aligeuza kichwa akatazama milima.

"Kaka," mkwe alimwambia Khemraj, "hebu nisaidie kumshika mmoja."

"Hawa?" Khemraj alitazama paani. "Hawa hawashikiki, ndugu yangu."

"Basi leo itakuwa dengu," alisema Mama Tulasa kwa sauti ya mfiwa. "Umejionea mwenyewe, mkwe wetu."

Khemraj aliliacha jiwe likaanguka. Kesho ilikuwa Jumamosi, siku yake ya kwenda kula kwa mama mkwe wake bondeni. Alijaribu kukumbuka, katika Jumamosi zote alizokaa kwenye ua ule akinyonya mifupa, kama aliwahi kuona mwewe hata mmoja.