Alama za Meno

Bwana mmoja mpenda sanamu alimkaribisha mama mmoja mchongaji nyumbani kwake, akamfungulia kabati la vioo lililojaa kazi za mama huyo. Mama wa watu alitabasamu. Nyumbani kwake hakukuwa na wa kuzitazama.

"Na hii, mama, ni yako? Haina sahihi."

Ilikuwa ya mti, ndogo ya kuenea kiganjani: mama amebeba mtoto mgongoni. Kichwa cha mtoto kilikuwa na vishimo vishimo. Mwana wa pekee wa mchongaji ndiye aliyekitafuna alipokuwa anaota meno. Alipokuwa mtu mzima, siku aliyogombana na mama yake, aliondoka na sanamu hiyo mfukoni, na tangu hapo kimya, hata simu.

"Ni yangu," alisema.

"Nilijua tu! Basi niwekee sahihi hapo chini."

Mchongaji hakuipokea kalamu. Alipitisha kidole kwenye vile vishimo, taratibu, kimoja kimoja.

"Aliyekuuzia," aliuliza, "alikuwa amekonda?"

Furaha yote ilimtoka yule bwana usoni. Alimvutia kiti.

"Kaa kwanza, mama," alisema.