Kiraka cha Boti ya Matar

Vibanzi vilielekea nje. Marselino alipitisha tena kiganja kwenye tundu la tumbo la boti, polepole, na jibu likawa lile lile. Mwamba ukiipiga boti, mbao huvunjikia ndani. Hizi zilivunjikia nje. Aliyezivunja alikuwa amesimama ndani ya boti.

Akaketi mchangani, msasa mkononi, jasho likimtoka ingawa jua lilikuwa bado changa.

Boti yenyewe ilikuwa ya anasa, fupi, iliyochongoka pua, iliyoundwa kuwavuta wazungu wanaoteleza juu ya maji kwa vibao miguuni. Meneja mmoja wa shamba la mkonge aliiacha Msasani aliporudi kwao baada ya Azimio la Arusha. Matar, mwenye duka la vitambaa, akaichukua apate kwenda kuvua siku za mapumziko. Kuogelea hakujua hata kidogo. Siku moja alitoka na mdogo wake, Muhsin, na aliyerudi ni Muhsin peke yake, kwa kuogelea, akilia kwamba injini imezima wakapiga mwamba. Maji yalipokupwa sana wavuvi waliikuta boti kwenye fungu la mchanga, wakaiburura hadi uani kwa marehemu.

Injini imezima! Marselino alikuwa ameifungua injini hiyo yote, akaitoa chumvi na kutu pistoni moja baada ya nyingine. Jana ndipo alipoufikia mpira wa petroli. Haukupasuka. Ulikatwa kwa kisu.

"Fundi, bado unaikodolea macho tu?"

Muhsin alikuwa amesimama nyuma yake, akiugonga ubavu wa boti kwa pete yake nene ya fedha, kwa mlio mkavu, kama ilivyokuwa kawaida yake.

"Tundu hilo nilishakwambia, funika tu. Mie ningeichanja kuni zamani. Shemeji ndiye kang'ang'ania itengenezwe, ati kumbukumbu ya mumewe."

"Nitafunika, bwana Muhsin."

"Basi fanya haraka. Eda ikiisha tu, hapa pana harusi. Wazee wameshakubaliana nimchukue mie, asiende kwa mtu baki." Akatabasamu. "Leo nashinda Boko, usinisubiri."

Marselino alimwangalia akiondoka, akaogopa kweli kweli. Yeye nani? Mpangaji wa Temeke, mtu wa kuja kutoka Newala, mwenye watoto wadogo. Muhsin ana jina na ana watu. Lakini kila alipojaribu kuushika msasa, alimkumbuka Matar siku ile uchungu wa uzazi ulipomshinda Anjelina, mkewe Marselino, mlangoni mwa duka. Matar alifunga duka mchana kweupe, akambeba mwenyewe hadi kwenye gari, akampeleka hospitali, na asante hakuitaka. Leo mjane wa mtu huyo alikuwa anakwenda kuolewa na muuaji. Marselino anyamaze, aje acheze na ngoma ya harusi?

Akamwita Yuliana, mtumishi wa nyumba. "Dada, mwambie bibi nina neno naye. La faragha."

Yuliana alikawia kidogo ndani, kisha akarudi, hamtazami usoni. "Umeambiwa uje baada ya alasiri."

Kuzungumza na bibi Samiha, mjane wa Matar, kulikuwa na utaratibu wake, na Yuliana alimweleza fundi siku ile ile ya kwanza. Bibi yumo edani. Kavua dhahabu yote hadi pete, haonekani na mwanamume wa kando, wala hataki hata sauti yake isikike. Mwenye neno anasimama ukumbini, analiambia pazia la chumba. Bibi akigonga mwimo wa mlango mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Marselino, Mkristo wa watu, mwanzoni aliona ajabu kuongea na kitambaa, ila alishazoea. Bibi alikuwa akigonga taratibu, kwa vidole vyenye haya, na mambo ya rangi na misumari yakaisha hivyo.

Baada ya alasiri alinawa mikono, akauweka mpira wa petroli mfukoni, akapiga hodi. Mlango ulikuwa wazi. Yuliana hakuwepo, bila shaka ametumwa dukani. Akavua viatu, akasimama mbele ya pazia.

"Bibi, ni mie fundi. Uko peke yako?"

Mwimo ukagongwa mara moja, kwa mlio mkavu. Leo bibi kapata ujasiri, akawaza, na yeye mwenyewe akapata.

"Bibi, nisamehe kwa nitakalolisema. Boti haikupiga mwamba. Imetobolewa kutoka ndani. Mpira wa petroli umekatwa kwa kisu, ninao hapa mfukoni. Bwana Matar ameuawa na ndugu yake."

Akalisogelea pazia.

"Unanisikia, mama?"

Mwimo ukagongwa mara moja.

"Ndoa hii usiikubali. Waambie unaumwa, waambie lolote. Kesho asubuhi mie naupeleka mpira huu polisi, nikawaonyeshe na lile tundu. Nikilifunika, ushahidi umekwenda. Nifanye hivyo?"

Safari hii jibu lilikawia. Halafu mwimo ukagongwa mara moja.

Marselino akashusha pumzi. Mzigo aliokuwa nao tangu jana ulimtoka mabegani, akajikuta anatabasamu mbele ya kitambaa.

"Wala usiwe na hofu kwamba neno litatoka, mama. Sijamwambia mtu. Hata Anjelina wangu hajui."

"Umefanya vizuri, fundi," pazia likajibu, kwa sauti ya Muhsin.