Shampeni ya Choya

Lucas Mhando alikuwa amekaa sakafuni jikoni kwake, Raskazone, Tanga, amepakata pipa la chuma, akilitikisa huku na huku. Gesi iliingia kwa mpira mwembamba kutoka kwenye mtungi, na kila alipolitikisa, mvinyo ulivuma ndani.

"Jamani, Mzee Lucas, hilo nalo halilali mpaka libembelezwe?"

Bi Sabiha, jirani yake, alikuwa mlangoni na sahani ya vitumbua.

"Jana umeme ulikatika kutwa," alisema Lucas bila kuinua kichwa. "Mvinyo ukiwa vuguvugu hauli gesi. Sasa umepoa, ndiyo naushindilia gesi. Wakifungua shampeni kule Mwanza, na mimi nataka nifungue yangu hapa."

Jioni hiyo alikuwa anaolewa Ruthi, mwanawe wa pekee.

Siku aliposikia habari za harusi, Lucas alinunua sokoni choya kavu, yale maua mekundu ya juisi, akaichemsha na sukari, akaitia hamira na kuiacha ichachuke. Kazi hiyo aliijua. Miaka mingi alikuwa mhudumu wa baa melini, na pipa lenyewe alilipata kwenye hoteli moja iliyofungwa. Nyumba yake ilikuwa na viti sita. Kimoja tu ndicho kilichokuwa kimechakaa.

"Mwanza kunafikika," Bi Sabiha alisema. "Ungepanda basi."

"Kwa mgongo huu?"

"Amekupigia leo?"

"Bibi harusi atapata wapi nafasi ya kupiga simu?"

Bi Sabiha akatafuta pa kuweka sahani.

Mwaka uliopita Lucas na Ruthi walikuwa wameongea. Lucas alishangaa jinsi sauti ya Ruthi ilivyokuwa ya mtu mzima, nzito kidogo, kama ya mama yake. Alisema yuko kikaoni, atapiga baadaye. Tangu hapo Lucas hakuizima simu hata anapolala.

Alilirudisha pipa kwenye friji, akapunguza gesi, maana ikiachwa na nguvu ile glasi hujaa povu tupu. Kisha akatoa chupa iliyokuwa imejificha nyuma ya mboga.

"Hii yako. Juisi ya ukwaju. Nimeitia gesi, nayo inachemka kama shampeni."

Bi Sabiha aliitazama chupa, akalitazama pipa.

"Kwa mpira ule ule?"

"Mpira mpya. Na glasi mpya. Sijapata kuzitumia."

"Basi Mungu akulipe," alisema, akaipokea chupa.

Jua lilipopungua ukali walikaa barazani. Lucas alivaa suti ya kijivu, tai na viatu alivyovipiga rangi mara mbili. Simu waliiegemeza kwenye kopo la sukari. Harusi ilikuwa inarushwa mubashara, na kiungo alitumiwa na shemeji yake, mdogo wa mama yake Ruthi.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, vitambaa vya zambarau kila mahali. Maharusi waliingia wakicheza taratibu.

"Kachukua kidevu chako," alisema Bi Sabiha.

"Na miguu. Tazama anavyokanyaga nje."

Alicheka, akaisogelea simu mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Akaufuta kwa tai.

Wazazi waliitwa. Mama yake Ruthi alitokea amevaa dhahabu, ameshikwa mkono na mwanamume mnene mwenye kofia.

"Huyo mjomba wake," Lucas alisema haraka. "Amesimama pale kwa niaba yangu."

Chini ya picha salamu za watu zilikuwa zinapita mfululizo, kutoka Dar, kutoka Moshi, kutoka ng'ambo.

"Andika na wewe," Bi Sabiha alimhimiza. "Andika, baba yako nipo Tanga nakuona. Atafurahi."

"Shemeji kaniambia niangalie tu, nisiandike kitu."

"Kwa nini?"

"Labda inakwamisha picha."

Bi Sabiha akajifanya anaweka sawa mtandio wake.

Kule ukumbini mhudumu alipita na chupa za shampeni juu ya sinia. Lucas aliruka kama kijana. Jikoni alisuuza glasi kwa maji baridi, akaiinamisha chini ya bomba la pipa, akamimina polepole ubavuni. Mvinyo ukashuka mwekundu, povu likapanda mpaka ukingoni likasimama hapo hapo. Viputo vilipanda vyembamba, vimefuatana kama uzi. Hata melini hakupata kumimina glasi nzuri namna ile.

Aliileta barazani ameishika kwa mikono miwili.

"Wamefungua?"

"Bado. Wahi, kaa."

Mshereheshaji alikuwa amenyamazisha muziki. Ruthi alikuwa amesogea pembeni yake, anamnong'oneza kitu, naye anaitikia kwa kichwa.

"Ndugu wageni," alisema mshereheshaji, "kabla hatujafungua shampeni, bibi harusi ana ombi moja, nalo linamhusu baba yake mzazi."

Bi Sabiha alimshika Lucas mkono. "Umesikia? Hakukusahau!"

Lucas aliinamia simu, akaongeza sauti.

"Naomba wote tusimame."

Ukumbi mzima ukasimama. Lucas naye akasimama, akafunga kifungo cha koti, akainua glasi usawa wa kifua na kumtazama mwanawe.

Ruthi aliinamisha kichwa.

"Tukae kimya dakika moja," alisema mshereheshaji, "kumkumbuka marehemu Mzee Lucas Mhando."

Lucas alibaki amesimama mpaka dakika ilipokwisha.