Barua ya Tarakimu

Mwanamisi, fundi cherehani wa Karatu, aliiweka karatasi mbele ya koplo, akaibana kwa kidole kilichojaa makovu ya sindano.

Ilikuwa nakala, iliyobandikwa na polisi sokoni, ya barua ya tarakimu tupu iliyokutwa mfukoni mwa mchuuzi wa ng'ombe aliyeuawa njia ya Soitsambu. Polisi walidhani kila tarakimu ni herufi, wakahesabu a, be, che, wakashindwa. Mfugaji mmoja wa Kimasai alikuwa akingoja kunyongwa kwa mauaji hayo.

Mwanamisi alihangaika nayo miezi minane, hadi jana alipojaribu kuhesabu alifu, be, te, herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa utotoni chuo cha Kurani. Maneno yakajitokeza, yakimwita marehemu bondeni peke yake. Chini kabisa likatokea jina la mwandishi.

Koplo alisoma maneno aliyoyaandika Mwanamisi chini ya tarakimu, akainua macho. "Dada, huyu si kaka yako?"

"Ndiye. Tumenyonya ziwa moja."

Koplo akachungulia mlangoni, kisha akamsukumia karatasi taratibu. "Nenda nayo nyumbani. Mimi sijaiona."

Mwanamisi aliirudisha karatasi palepale.

"Afande, fungua kitabu cha matukio," akasema. "Andika jina langu, na uandike nimeleta nini. Siondoki mpaka wino ukauke."