Kiapo cha Mkono wa Kulia

Karani wa mahakama alimwambia binti yangu Saumu aniachie mkono, shahidi anashika msaafu mwenyewe.

"Hauwezi kushika, kaka. Ndo kesi yenyewe," Saumu akamjibu. Watu wakacheka.

"Basi ashike kwa kushoto."

"Msaafu kwa kushoto hapana, baba," nikasema.

Karani akaulaza mkono wangu wa kulia kwenye ukingo wa kizimba, akaniwekea msaafu kiganjani. Mkono huo umekufa ganzi tangu chanjo ya mafua waliyotuchoma tulipojiandaa kwenda Hija. Makka sikufika. Saumu aliuza cherehani yake ili nitibiwe, na tangu hapo ananilisha yeye. Asubuhi hiyo, kabla hatujatoka nyumbani Ziwani, ndiye aliyenitawadhisha. Wakili wetu alishasema, mkono uliokufa kabisa unalipwa fidia. Ukionyesha dalili ya kupona, waliotuchanja watagoma kulipa.

"Fuatisha, mama. Wallahi."

"Wallahi."

Msaafu ukaanza kuteleza. Kidole gumba kikaubana.

Nikahisi ubaridi wa jalada. Hakuna aliyeona. Sikusikia furaha wala huzuni. Nilikitazama tu kile kidole, kama cha mtu mwingine.

"Nitakayosema ni kweli tupu," karani akaendelea.

Sikufuatisha. Saumu alikuwa ananitazama, midomo inamcheza, ananisaidia maneno.

"Fuatisha, mama," karani akarudia.

"Subiri kwanza, baba," nikasema. "Saumu, mwanangu, hebu njoo ukitazame kidole changu."