Kando za Mchezo

Laptopu za siku hizi haziruhusiwi kuacha nafasi nyeusi kwenye kioo. Mchezo wa zamani, ule wa picha za mraba mraba, ukikaa katikati tu, mashine hujaza pande mbili zilizobaki kwa watu ambao nyumba ya mwenye mashine imeshawazika.

Mwatumu hakuwahi kusogea akaangalia. Kilichomuudhi ni mumewe, Kombo, kushinda sebuleni akimwagilia bustani ya kwenye mchezo, mimea yenyewe midogo kama punje za mtama.

"Baba Riziki, si uutanue ujae kioo? Utaumiza macho bure."

"Nikiutanua, Riziki atakaa wapi?"

Mwatumu akavuta kiti. Upande wa kulia, kwenye mkeka wao wa zamani, marehemu binti yao alikuwa amekaa akijisuka nywele, akikosea palepale alipokuwa akikosea siku zote, nyuma ya sikio.

"Bado hajajua tu," Mwatumu akasema, akacheka huku machozi yanamtoka. "Basi uache hivyohivyo, mume wangu."

Wakakaa bega kwa bega, chai ikipoa. Riziki akasogea kidogo kwenye mkeka, kama anayempisha mtu. Mzee mmoja akaja akaketi kando yake, akaanza kumshikia nywele. Alivaa kofia ileile ya kijani aliyoivaa Kombo pale alipokaa, na uso ulikuwa uleule.

Kombo alikuwa anaangalia mchicha wake.

Mwatumu akamshika mkono kwa nguvu. "Utanue," akasema. "Nakuomba, Baba Riziki, utanue sasa hivi."